Gundi Mbichi: Siku Tuliyompeleka Bibi Ngarenanyuki

Ilianza Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenye gereji ya Fundi Saidi kule Kimandolu. Saa naikumbuka kwa sababu simu ya Baba ilikuwa mkononi mwangu, namulikia chini ya gari.

Rehema na Doreen, tangu nirudi shule mnaniuliza mezani msiba ulikwendaje, na mimi nasema ulikwenda vizuri. Haukwenda vizuri. Ila mnanijua, nikianza kusema mbele ya watu maneno yanapotea. Kuandika naweza. Someni nyie wawili, halafu msiniulize tena pale mezani.

Mambo ya vibali na nani alisaini nini hospitali nayaruka, hayo yalikuwa ya wakubwa. Mjue hili tu. Bibi, mama yake Baba, alifariki Jumatatu mjini. Babu yuko Ngarenanyuki, upande wa nyuma wa Mlima Meru, na miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Tangu Baba alipomleta Bibi kwenye matibabu, Babu hakuwa amemwona. Tulipompigia kumwambia, alisema asizikwe kabla hajamwona uso. Hicho tu. Kazi yetu siku ile ilikuwa hiyo, kumfikisha Bibi kwa Babu wakati uso wake bado unaonekana.

Kimandolu, kwa fundi

Baba alitaka Bibi aende kwa pikapu yake mwenyewe, ile ile aliyomletea mjini. Pikapu hiyo ilikuwa inavuja oili kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini linalohifadhi oili. Ilipelekwa gereji Jumatano mchana, umeme ukakatika, gundi ya gasketi ikaisha, na Fundi Saidi akaahidi kuamka mapema. Kweli aliamka. Tulipofika kutoka nyumbani Elerai alikuwa ameshalala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo fundi," nilisema.

"Marahaba binti. Poleni na msiba. Njoo unimulikie, lakini usinimulike machoni."

Nikachuchumaa. Alikuwa anapitisha gundi nyeusi kwenye ukingo wa sampu, mstari mwembamba unaozunguka matundu ya boliti. Alikuwa akieleza huku akipaka, nadhani ili Baba asiseme.

"Hii nyeusi ndiyo ya oili, mzee. Nyekundu ni ya kwenye moto, upande wa ekzosi. Ile nyeupe ya kuzibia madirisha usiilete kabisa karibu na injini, oili inaila. Sasa nyeusi inataka muda. Unapaka, unabana kidogo, unaiacha ishike, unabana tena. Oili unamwaga kesho yake."

"Kesho yake Mama ameshazikwa," alisema Baba.

"Najua, mzee. Basi angalau saa sita mchana."

"Mochwari tunatakiwa saa tatu, Saidi."

Fundi alitoka chini akakaa juu ya tairi, akawa anajifuta vidole kimoja kimoja kwa tambara. Alimwangalia Baba, shati jeupe limevaliwa vifungo vimepishana, ndevu za siku nne. Akasema gundi haijui msiba. Alilisema taratibu, siyo kwa ubaya. Halafu akachukua dumu la oili akaanza kumimina.

Hapo muangalie vizuri, kwa sababu siku nzima ilikuwa hivyo. Hakuna mtu aliyeweza kumwambia Baba hapana. Mtu akifiwa kwetu anapewa anachoomba: anapewa kiti, anapewa chai, anapishwa barabarani. Fundi alijua kabisa, na bado akampa.

"Nitawafuata na pikipiki mpaka Usa River," alisema akifunga spana zake kwenye mfuko. "Roho yangu haijatulia."

Mochwari

Pale tulikutana na wenzetu waliokuja na kosta, na Baba Mkubwa akiwa mbele yao. Baba Mkubwa ni kaka yake Baba, na kwa kuwa Babu hatoki tena nyumbani, yeye ndiye anayeshika mambo ya ukoo. Ana sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi. Aliniita, akanikabidhi msalaba wenye jina la Bibi, kwa sababu mimi ndiye mjukuu wa kike mkubwa.

"Glory, msalaba haugusi ardhi mpaka kaburini."

"Sawa Baba Mkubwa."

"Gari la Mama linatangulia, hakuna wa kulipita. Na jeneza likishapanda garini linashukia nyumbani. Kwetu maiti hashuki njiani."

Watu waliitikia kwa vichwa. Na mimi nikaitikia.

Mimi na Shangazi Ndeo, dada yao wa mwisho, ndio tuliomvalisha Bibi. Nilifikiri nitaogopa. Nilimwangalia muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwangalia akiwa hai, maana akiwa hai angeniuliza naangalia nini. Mhudumu wa pale, mama mmoja mwenye gambuti, alituacha tumalize, kisha akamvuta Shangazi pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mlisema anazikwa mapema, kwa hiyo dawa aliyowekewa ni kidogo. Mkimfungua mchana huu atakuwa mzuri tu. Lakini jua likimpiga mpaka jioni, mama, msifungue. Nakwambia kwa wema."

"Mchana huu tutakuwa tumefika," alisema Shangazi.

Kwa siku ya kawaida ni safari ya saa mbili, na bado unapata muda wa kununua ndizi.

Makumira

Niliketi mbele na Baba, msalaba umelala mapajani, ncha zake zinagusa mlango huku na gia huku. Jeneza nyuma chini ya turubai, maua ya karatasi na riboni nyeupe kwenye boneti. Kosta nyuma yetu, pikipiki ya fundi nyuma ya kosta. Watu barabarani walikuwa wanavua kofia. Tulipita Tengeru salama, Baba akaanza hata kupumua.

Tunakaribia Makumira taa nyekundu ya oili ikawaka. Baba akaigonga kwa kidole, kana kwamba taa ndiyo mbovu. Fundi akatupigia honi kwa nyuma. Tulipoegesha, nilitazama tulikotoka nikaona mstari mweusi katikati ya lami, umenyooka, unatufuata.

Fundi alichungulia chini. "Imesukumwa. Oili imeisukuma gundi ikiwa bado mbichi." Hakusema nilikwambia. Alisema inabidi kufungua sampu upya, kusafisha yote, kupaka tena.

Kosta ikashusha watu. Wanawake wakakaa kwenye majani wakaimba kwa chini, wanaume wakazunguka gari. Mama mmoja anayewauzia chai wanafunzi wa chuo alitoa beseni lake la kuoshea vyombo, likakinga oili. Halafu akaleta chapati na chai ya rangi kwa wazee, akakataa kulipwa. Mimi nilikula chapati kwa mkono mmoja, msalaba nimeuegemeza begani. Wanafunzi waliokuwa wanapita walisimama, wakatoa visikilizio masikioni, wakaendelea.

Ndipo likasimama gari lingine, pikapu ya bwana mmoja aliyebeba magunia ya pumba. Alikuwa na koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua. Akasalimia, akatoa pole, akaangalia miguu ya fundi chini ya gari.

"Mimi naishia Leguruki, lakini nitawasogeza mpaka nyumbani. Nashusha magunia hapa kwa huyu mama, mnahamishia mzee wetu kwangu, tunaondoka."

"Ni mama yetu," alisema Baba.

"Basi mama yetu. Tumhamishe."

Baba alimtazama Baba Mkubwa. Nilimwona Baba anataka. Alikuwa ameshashika kamba ya turubai.

"Hapana," alisema Baba Mkubwa. "Mama hashuki njiani."

"Kaka, baba anamsubiri. Jua hili."

"Unataka tufike tuseme tulimshusha barabarani kama gunia la pumba?"

Yule bwana alisema si vibaya, yeye alikuwa anasaidia tu. Baba aliachia kamba. Hakuna mwingine aliyesema neno, si Shangazi, si mwinjilisti aliyekuwa kwenye kosta, si mimi. Bwana akaondoka na magunia yake na koti lake. Nilimwangalia mpaka akapotea kwenye kona, nikawa nahesabu angekuwa amefika wapi na Bibi.

Fundi alisafisha sampu kwa petroli, akikwangua gundi mbichi iliyokuwa inavutika kama ugali usioiva. Kwenye tyubu yake ilibaki kidogo, kijana wa kosta akatumwa kwa pikipiki Usa River akarudi na tyubu mbili mpya. Nyeusi, sawasawa, fundi alizisoma kwanza. Kwa hiyo gundi haikuwa mbaya. Nasema hivyo kwa sababu baadaye kuna ndugu walimsema fundi kwamba alitumia gundi feki.

Ubaya ulianza alipopaka mstari wake mwembamba kama ule wa asubuhi. Wazee wote walikuwa wameinama wanamwangalia.

"Hiyo mbona kidogo?" alisema mmoja.

"Inatosha, mzee. Ikizidi inaingia ndani."

"Ongeza pale kwenye kona."

"Na huku, fundi. Huku hujaweka kitu."

"Izidi tu," alisema Baba Mkubwa. "Ya kupungua tumeshaiona."

Fundi alimtazama Baba. Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, amekumbatia magoti, akasema kwa sauti ndogo, "Weka, Saidi. Isivuje tena tu." Na Fundi Saidi akaweka. Alikamua tyubu ya kwanza yote, akakamua ya pili, ukingo wa sampu ukawa umevimba pande zote kama keki. Alipobana boliti, gundi ikatoka nje kama kidole kinene, wazee wakafurahi. Iliyotoka nje waliiona. Iliyotoka kwa ndani hakuna wa kuiona.

Tukasubiri ishike. Shangazi alipigiwa simu na jirani wa Babu, akaweka spika.

"Mzee anauliza mko wapi."

"Mwambie tumekaribia," alisema Shangazi. "Tuko hapo tu."

Nilimwangalia. Akazima simu.

"Sasa nimwambie nini, Glory? Kwamba mke wake yuko juu ya jeki?"

Hifadhini

Njia ya kwetu inapita ndani ya hifadhi ya mlima. Wenyeji tunapita tu, ila ukishaingia hushuki garini. Fundi alikuwa amesema atatuacha Usa River, lakini tulipofika pale hakutuacha. Getini alimwachia mtu pikipiki yake, akapanda kosta na mfuko wa spana.

Sampu haikuvuja. Baba alikuwa anachungulia kioo kila mara kuona kama kuna mstari, na hapakuwa na mstari. Akanisemesha kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tulikuwa tumeingia Serengeti Ndogo, ule uwanda wenye nyasi fupi, na twiga wawili walikuwa mbali karibu na miti.

"Siku namleta alisema nipunguze mwendo hapa awaone," alisema Baba. "Nikamwambia tutachelewa hospitali, utawaona tukirudi."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Taa nyekundu ikawaka. Baba akasema haiwezekani, haivuji. Ilikuwa bado inawaka anaposema hivyo, na injini ikaanza kugonga. Mngesikia mngefikiri mtu yuko ndani anapiga sufuria kwa mwiko. Ikagonga, ikagonga kwa nguvu zaidi, halafu ikakaza, na gari likasimama lenyewe.

Fundi alitoa kichwa kwenye dirisha la kosta. "Usiwashe tena. Imenoki."

"Oili ipo," alisema Baba.

"Ipo chini. Haipandi. Ile gundi imeziba chujio."

Baba alifungua mlango ashuke. Watu wote wa kosta wakapiga kelele kwa pamoja. Kushoto kwetu, karibu kama ubao ulivyo mbali na dawati langu darasani, nyati walikuwa wamelala kwenye nyasi, na mmoja alikuwa amesimama anatutazama. Baba akaurudisha mlango polepole. Akafunga kioo, na mimi nikafunga changu.

Tulikaa hivyo muda mrefu, siwezi kusema mrefu kiasi gani. Jua lilikuwa linaingia kwa kioo cha mbele. Mikono yangu iliota malengelenge pale nilipokuwa nashikilia msalaba. Kwenye kosta waliacha kuimba. Kulikuwa na harufu ya oili iliyoungua, na baadaye kukawa na harufu nyingine. Sitaandika zaidi ya hapo. Baba aliisikia pia. Hakunitazama. Aliweka paji la uso kwenye usukani, akabaki hivyo, na mimi nikawa naangalia nyati kwa sababu ndiye pekee ambaye ningeweza kumwangalia.

Nyuma ya fuso la nyanya

Tulisikia honi kwanza. Honi za harusi, zile za kupokezana, pii-pipipi, na taa zinawashwa na kuzimwa. Fuso tupu, lenye matenga, lilikuwa linapanda kuchukua nyanya. Dereva aliona riboni nyeupe, maua na kosta imejaa watu waliovaa vizuri, akajua ameipata sherehe imekwama. Muziki wake ulikuwa unasikika mpaka kwa nyati. Akaja mpaka ubavuni kwetu, akashusha kioo, anacheka, na mimi nilikuwa upande wake.

"Dada, mmeishiwa mafuta? Bwana harusi anangoja."

Niliinua msalaba tu, auone.

Alizima muziki. Alivua kofia yake ya sufi akaishika kifuani, akasema samahani, samahani mzee, samahani dada, nadhani alisema samahani mpaka zikaisha. Kisha akauliza kamba. Hatukuwa na kamba ya kuvutia gari, yeye alikuwa na mnyororo. Alilipitisha fuso kati yetu na nyati likawa ukuta, yeye na Fundi Saidi wakashuka upande wa huku wakafunga mnyororo haraka. Walipokuwa wanamaliza, Baba Mkubwa akapiga kelele dirishani mwa kosta.

"Hakuna wa kumtangulia Mama. Nilishasema."

Dereva akageuka. "Mzee, sasa nimvute nikiwa nyuma yake?"

Halafu Baba akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri, mabega yalitikisika na machozi yakatoka, akajifuta kwa mkono wenye oili, akabaki na mstari mweusi shavuni mpaka kaburini. Baba Mkubwa akarudisha kichwa ndani. Fuso likatutangulia. Sheria ile ikavunjika hivyo tu, na hakuna kilichotokea, si mbinguni wala duniani. Nilikuwa na hasira kwa njia yote iliyobaki. Nilikuwa nawaza kama hii imevunjika, na ile ya Makumira nayo ingevunjika, na bwana wa magunia angekuwa ameshamfikisha.

Vumbi la fuso lilitufunika. Tulipofika, riboni zilikuwa rangi ya udongo.

Kwa Babu

Ngarenanyuki jua linazamia nyuma ya mlima, kwa hiyo kivuli kinakuja mapema. Kilikuwa kimeshafunika mgomba, na kaburi, na watu wote waliokuwa wamesimama. Babu alikuwa kwenye kiti pale penye mlango wa uzio. Majirani walituambia alikaa hapo tangu Shangazi aliposema tuko hapo tu. Walimletea loshoro, mahindi na maziwa mgando, ale, bakuli lilikuwa chini ya kiti, limejaa, nzi wanalizunguka.

Jeneza likashushwa, wakaliweka juu ya stuli mbili mbele yake. Watu walirudi nyuma hatua kadhaa bila kuambiwa. Babu alishika ukingo wa kifuniko.

"Fungueni."

Hakuna aliyesogea. Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Baba ndiye aliyepiga magoti, akamweleza yote, gundi, Makumira, nyati, mnyororo. Alisema kwa Kimeru, nami Kimeru changu ni cha kuungaunga, lakini nilielewa. Mwishoni akasema, "Baba, hafai kufunguliwa."

Babu alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo mwenye pikapu ya pumba alisema atamleta?"

"Alisema."

"Mkakataa."

Baba Mkubwa akasogea. "Baba, kwetu maiti hashuki njiani."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Ulitusimulia mlivyomleta bibi yetu kutoka Oldonyo Sambu, kwamba hamkumweka chini hata mara moja."

"Tulimbeba mabegani," alisema Babu. "Ilikuwa masika, matope mpaka magotini. Tungemweka wapi?"

Sijawahi kumwona Baba Mkubwa akikosa sauti. Alienda kusimama nyuma ya mgomba, na watu wakamwacha huko. Babu hakumfuata kwa macho. Aliuliza nani alimvalisha.

"Mimi na Glory," alisema Shangazi, akajifunika uso tena.

Babu akanitazama. "Njoo. Niambie alivyokuwa."

Rehema, unakumbuka lile shairi nililoshindwa kusoma mstarini. Pale walikuwepo watu wengi kuliko shule yetu. Niliinua mguu ukaenda. Shangazi alitaka kunipokea msalaba, nikamkatalia, nilihitaji kitu cha kushika. Nikaanza kwa Kimeru changu kibovu, nikakosa maneno, nikachanganya na Kiswahili, na hakuna aliyecheka.

"Ana kitambaa cheupe kichwani. Shangazi amekifungia upande wa kushoto."

"Anafungia kushoto," alisema Babu. Mkono wake ulipanda juu ya kifuniko mpaka pale ambapo kichwa kingekuwa, ukatua. "Uso?"

"Umetulia. Macho yamefungwa yote mawili."

"Mdomo?"

"Umefungwa. Ila kona moja imeinuka kidogo."

"Ipi?"

Nilifikiri. Nilimrudisha Bibi mbele yangu, nikasimama upande niliokuwa nimesimama. "Ya kulia, Babu."

"Amekonda?"

Nilitaka kudanganya. Wote walikuwa wamedanganya siku hiyo, kidogo kidogo, kwa upendo, na tulikuwa tumefika hapa. "Amekonda sana. Mifupa ya hapa inaonekana," nikagusa shavu langu. Mkono wake ukashuka taratibu kwenye mbao, mpaka kifuani.

"Mikono imekaa juu ya tumbo. Pete imetoka, ilikuwa inapwaya, Shangazi anayo. Gauni ni lile la bluu la kwaya."

"Miguu?"

"Nimemvalisha soksi. Za sufi, za kijani. Zilikuwa kwenye mfuko wake hospitali."

Mkono ulifika mwisho wa jeneza, ukabaki pale. Nilisubiri aseme kitu. Nilitegemea, sijui, aseme asante, au aseme sasa amemwona. Hakusema hivyo. Alisema, "Basi. Mzikeni, giza linaingia," na akaomba aletewe fimbo.

Alitupa udongo wa kwanza akiwa ameshikwa makwapa na watu wawili. Mwinjilisti alifupisha ibada. Fundi Saidi alivua viatu, akachukua koleo akaungana na wanaume kufukia, akifanya kazi bila kupumzika, hata walipotaka kumpokea alikataa. Mimi nilisimika msalaba. Mikono ilikuwa imekakamaa, Shangazi akanifungua vidole.

Asubuhi

Nilipoamka Ijumaa, fundi alikuwa ameshafungua sampu pale uani. Chujio la oili lilikuwa limejaa nyuzi nyeusi za mpira, laini, kama minyoo. Alizitoa moja moja akaziweka juu ya gazeti. Baba alikuwa amechuchumaa anaziangalia. Alichukua moja akaivuta, ikarefuka, haikukatika.

"Sasa ndiyo imekauka," alisema fundi.

Baba akasema, "Sasa ndiyo." Wakabaki wanaitazama.

Nilienda jikoni nikachukua uji, nikampelekea Babu. Alikuwa ndani, amekaa upande wake wa kitanda, upande wa Bibi umetandikwa vizuri. Nikasema shikamoo. Aliniuliza zile soksi zilikuwa za rangi gani.

"Za kijani, Babu. Zina mstari mweusi juu."

"Hizo ni zangu," alisema. "Nilizitafuta nikazikosa. Kumbe aliondoka nazo, mjini kuna baridi."

Akanyoosha mikono apokee kikombe, lakini kikombe kikainama, uji ungemwagika. Nikakaa kando yake kitandani, upande uliotandikwa, nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.